Baba wa Jumatatu

Wiki jana niliwaacha, wasomaji wangu, nikiwa nimesimama jikoni na simu mkononi. Binti yangu alikuwa amenikatia baada ya kuniambia hivi: "Jumatatu ijayo nataka kumwona baba kwa macho yangu. Nisipomwona, nitajua amekufa na mnanificha."

Kama hukunisoma, nitakupa kwa kifupi. Jina langu ni Jepleting, mama wa watoto watatu, mkaaji wa Rongai. Rongai yetu hii ya barabara ya Eldoret, si ile ya Nairobi. Kifungua mimba wangu, Chesang, yuko Madagaska katika kazi ya misheni. Ndiye wa kwanza kutumwa ng'ambo na kanisa letu. Siku alipoondoka, kwaya iliimba mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba.

Baba yake, Kipkemoi, alikuwa dereva wa lori la mahindi. Nasema alikuwa. Miezi mitatu baada ya Chesang kuondoka, alianguka akifunga turubai juu ya mzigo. Kiharusi. Mkono wa kulia umekufa, mguu anauburuta, na sauti imekwenda. Anasikia kila kitu na anaelewa kila kitu, ila kusema hawezi.

Chesang hajui.

Aliyetukataza kumwambia ni Pasta Kang'ethe. "Akisikia habari kama hii atapanda ndege kesho," alisema, "na kazi yote itakufa. Mama, kumsaidia mmishonari si mchango peke yake. Ni kumlindia moyo."

Nikakubali. Na kwa vile nimeamua kusema ukweli kwenye gazeti, niuseme wote: nilikubali pia kwa sababu nilipenda kuitwa mama mmishonari. Nilikipenda kile kiti cha mbele kanisani.

Basi kila Jumatatu, siku ambayo wamishonari hupumzika na kupiga simu nyumbani, mimi nilifanya kazi ya kudanganya. Baba amepeleka mzigo Kitale. Baba amekwama Malaba. Baba yuko Lodwar na simu imeisha chaji.

"Mama, hii lori hailali?" aliniuliza siku moja.

Nikacheka. Nilikuwa nimekuwa hodari wa kucheka.

Sasa mtoto ametoa amri, nami sina baba wa kumwonyesha. Nikakimbia kwa Pasta nikamwambia, imetosha, Jumatatu namwambia ukweli.

"Ngoja kwanza," akasema. "Si Kipkorir yuko?"

Wazo hilo halikuwa langu. Naomba hilo liandikwe kwa herufi kubwa.

Kipkorir ni mdogo wa mume wangu, wamefuatana tumboni. Paji la uso ni moja, pengo la meno ni moja, sauti ni moja. Nilipokuwa bado bibi harusi niliwahi kumwambia Kipkorir kwenye simu maneno yaliyokuwa ya mume wangu, na hadi leo akinywa busaa hunikumbusha. Tofauti yao iko mdomoni. Kipkemoi alikuwa akisema neno moja kwa chakula cha jioni na moja kwa kulala. Kipkorir ni dalali wa mbuzi soko la Mogotio, na kukiwa na harusi ndiye emsii, mshika maikrofoni.

Nilimwambia Pasta haitawezekana. Pasta akaniambia nimwamini Mungu. Jioni hiyo nikampigia Kipkorir.

Jumatatu Kipkorir alifika mapema kuliko tulivyoagana, ndevu ameshanyoa.

"Shem, koti la mzee liko wapi?"

"La nini? Vaa lako."

"Langu linanuka mbuzi."

"Kwani simu inanusa?"

Hakuningoja. Aliingia chumbani, akaangua koti la kahawia kwenye msumari, lile Kipkemoi alilovaa siku ya kumsindikiza Chesang. Akalivaa palepale. Mume wangu amelala, macho wazi, anamtazama mtu akitumbukiza mikono katika koti lake!

"Limenikaa, ama namna gani?" Kipkorir akamwuliza.

Kipkemoi akageuza uso ukutani.

Nilipiga magoti kando ya kitanda. Tuna lugha yetu, mimi na yeye. Akinifinya kidole mara moja ni ndiyo. Mara mbili ni hapana.

"Baba Chesang, ni leo tu," nikamwambia. "Ni mtoto apate kutulia. Umekubali?"

Mkono wake wa kushoto ulilala kwenye kiganja changu bila kufanya kitu.

"Amekubali," akasema Pasta, aliyekuwa ameingia na Biblia yake akasimama nyuma yangu.

"Hajafinya, Pasta."

"Angekataa angefinya mara mbili, mama. Haya, nyinyi nendeni sebuleni. Mimi nitabaki humu nimwombee mzee mkiongea."

Nikaona ni wema. Hata nikamshukuru.

Sebuleni Kipkorir alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha mume wangu, miguu juu ya stuli.

"Shemeji, sikiliza," nikamwambia. "Msalimie. Mwambie uko sawa. Mwambie Mungu akubariki. Halafu unipe simu. Kaka yako si mtu wa hadithi."

"Shem, mimi nimeendesha harusi ambayo maharusi walikuwa wamepigana asubuhi. Hii ni nini?"

"Usiongeze neno."

"Sawa. Lakini wewe ongeza maziwa kwa hii chai. Baba Chesang hunywa ya maziwa."

"Wewe si Baba Chesang."

"Leo ni mimi," akasema, na akaninyooshea kikombe.

Nilikipokea. Nilimwekea maziwa. Nikikumbuka ninavyotii watu, najichukia.

Simu ikalia. Niliiegemeza kwenye chupa ya chai, nikabonyeza, na uso wa binti yangu ukajaa kwenye kioo. Alikuwa amekonda. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Niliona, kisha nikajiambia ni kamera.

"Baba!"

Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, akalia.

"Baba, uko hai!"

"Sasa ulitaka niwe wapi?" Kipkorir akasema.

Chesang akacheka katikati ya machozi. "Na umenyoa ndevu!"

"Mama yako alisema zinamkwaruza."

Nilitaka kumwagia ile chai. Kipkemoi hangesema hivyo mbele ya mtoto hata kwa bunduki. Lakini Chesang alicheka mpaka picha ikatikisika, na mimi, nikiwa nimeketi kando, nikatazama kile kidirisha kidogo cha pembeni kinachotuonyesha sisi wenyewe. Nikamwona mume wangu. Mzima, mgongo umenyooka, anapunga mikono yote miwili. Kwa muda mfupi nilijidanganya mimi mwenyewe. Nilifurahi, jamani. Nisiwafiche.

Wakaongea habari za mvua, za mahindi, za kakake mdogo aliyekataa shule ya bweni. Kipkorir alijibu vizuri. Nikaanza kusema moyoni, kumbe Pasta alikuwa na akili.

Nikanyoosha mkono nichukue simu tuagane.

"Mama," Chesang akasema, "hebu tupishe kidogo. Nataka kuongea na baba peke yetu."

Nilibaki na mkono hewani.

"Peke yenu?"

"Kidogo tu, mama. Tafadhali."

Niliinuka, nikajifanya naenda jikoni, kisha nikazunguka nikasimama nyuma ya simu, karibu na mlango wa chumbani. Kipkorir ananiona. Chesang hanioni.

Alingoja mpaka akadhani nimeenda mbali. Kisha uso wake ukabadilika. Lile tabasamu alilonipa kila Jumatatu lilimtoka, na nikaona kuwa alikuwa akilivaa kama mimi nilivyovaa langu kanisani.

"Baba, siko sawa."

"Umekuwaje?"

"Mwenzangu wa kazi alirudi kwao na sijaletewa mwingine. Nakaa peke yangu kwa hii nyumba. Watu wa huku si wabaya, baba, lakini lugha yao imenikataa. Nikigonga mlango, hata salamu inanipotea, nasimama tu wakiniangalia. Silali. Kula, nikila kinarudi. Juzi nilikaa sokoni mpaka watu wakafunga vibanda, na sikukumbuka nyumba iko upande gani. Mama simwambii. Najua kila Jumapili kanisa lote linamwuliza habari yangu."

Nilishika fremu ya mlango. Mtoto wangu alikuwa akinilinda mimi!

"Pole," Kipkorir akasema. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka.

"Unakumbuka uliniambia nini kwa lori?"

"Nilikuambia mambo mengi."

"Ile siku ya eapoti. Mama alikuwa amelala kitanda cha nyuma. Uliniambia, siku ikikushinda, usimwambie mama, usimwambie Pasta, niambie mimi. Neno moja tu. Nitakurudisha nyumbani, na hakuna mtu atakuuliza kitu." Akavuta pumzi. "Basi nakuambia, baba. Imenishinda."

Sikujua. Miaka yote hii ya ndoa, na sikujua kwamba yule mtu wa neno moja alikuwa na maneno mengi hivyo kwa mtoto wake.

Nyuma ya ukuta wa mbao nikasikia kitanda kikilia.

Kipkorir aliinua macho, akanitafuta. Nilimwashiria kwa kichwa, kwa mikono, kwa mwili mzima. Mwambie arudi. Mwambie ndiyo!

Hapo mlango wa chumbani ukafunguka kidogo kando yangu. Pasta Kang'ethe akatoa kichwa, akamtazama Kipkorir, akatikisa kidole. Hapana.

Shemeji yangu alitutazama, mimi kisha Pasta, Pasta kisha mimi. Akachagua mwenye tai.

"Chesang," akasema, na sauti ikawa ile ya kwenye maikrofoni, "nisikilize vizuri. Ukoo wetu haujui kurudi nyuma."

Du!

Kitu kiligonga ukuta wa mbao. Pasta akarudi chumbani haraka.

"Nini hiyo, baba?"

"Ni ndama. Amefungiwa hapo nyuma."

Ndama! Niliuma kitambaa changu cha kichwa. Ile ilikuwa fimbo ya kutembelea ya mume wangu, anaipiga kwa mkono wa kushoto, na mdogo wake anamwita ndama.

"Kanisa lote limesimama juu yako," Kipkorir akaendelea. "Ukirudi mimi nitapita wapi hapa Rongai? Nitaangalia watu na macho gani?"

Du! Du!

Kisha kugonga kukakatika ghafla.

"Kaa huko," akasema. "Kaza roho, umalize kazi yako."

Chesang hakulia. Aliangalia tu, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani kilichoandikwa kwa lugha ngeni.

"Hilo ndilo jibu lako?"

"Ndilo hilo."

"Hata baada ya yale uliniambia?"

Na yule mjinga, yule dalali, akatafuta neno la kumalizia, akalipata.

"Maneno ya kwa lori ni ya kwa lori."

"Sawa," mtoto akasema. "Kongoi, baba." Yaani asante, kwa lugha yetu.

Picha ikazimika.

Mtaniuliza, Mama Chesang, wewe ulikuwa wapi? Si ungeruka tu uichukue hiyo simu? Najua. Nimejiuliza hivyo nikikamua ng'ombe, nikipika, nikifua. Niliogopa kwamba nikitokea atauliza kwa nini nimelia, na nikisema moja nitasema yote. Nikasimama pale kama mti.

Kipkorir alijipangusa jasho kwa mkono wa koti la mume wangu.

"Umeona nilivyomtia moyo?"

Nilimpita nikafungua chumba.

Kipkemoi alikuwa nusu kitandani, nusu nje. Pasta ameketi ukingoni, kiganja kimoja kwenye paji la uso la mume wangu kama anayeombea mgonjwa. Kiganja cha pili kilikuwa kimebana kile kifundo cha mkono wa kushoto, mkono pekee Mungu aliotuachia. Fimbo ilikuwa sakafuni, chini ya kiatu chake.

"Nilikuwa namtuliza," Pasta akasema.

"Mwachilie."

"Mama, angeanguka."

"Pasta, mwachilie mume wangu mkono!"

Akamwachilia. Alama za vidole zilikuwa zimebaki. Nilimrudisha Kipkemoi kwenye mto, nikampangusa mate na machozi, na kabla sijamwuliza chochote akashika kidole changu. Akafinya mara mbili. Mara mbili tena. Mara mbili tena.

"Nimesikia," nikamwambia. "Nimesikia, Baba Chesang."

Nikageuka.

"Tokeni. Nyote wawili."

"Mama Chesang, hasira si..."

"Pasta, toka kwa nyumba ya mgonjwa kabla sijapiga mayowe, majirani waje wakuone."

Aliokota Biblia yake akatoka. Kipkorir alikuwa amesimama mlangoni, uso wa mtu aliyeonewa.

"Sasa mimi nimekosa wapi? Mliniambia niwe baba, nimekuwa baba."

"Ulikuwa Pasta! Baba alikuwa humu ndani anagonga ukuta, ukamwita ndama!"

"Ningemwita nani? Nyinyi si ndio mnamficha?"

Hilo lilinichoma, kwa maana lilikuwa kweli. Nilimfungia mlango usoni. Baadaye ndipo nikakumbuka kuwa ameondoka na koti.

Nikampigia Chesang. Simu ikalia mpaka ikakatika. Nikapiga tena, safari hii hata haikulia. Nikakaa kando ya kitanda, Kipkemoi akinitazama, nikamtumia ujumbe wa sauti.

"Chesang, ni mama. Yule uliyeongea naye si baba yako. Ni baba mdogo, Kipkorir. Baba yako ni mgonjwa, hawezi kusema, tulikuficha, na makosa ni yangu. Amesikia kila kitu ulichosema. Anasema urudi. Mama yangu, rudi nyumbani."

Nilitazama ile alama ya kuonyesha ujumbe umefika. Tiki moja tu, haujafika. Nikaenda kukama, nikarudi, tiki moja. Nikampa Kipkemoi uji, tiki moja.

Jumanne asubuhi tukiwa bado chumbani, mimi na chai, Kipkemoi na uji, simu ikalia. Namba ilikuwa ya nje. Niliidaka nikamwaga kikombe.

"Chesang?"

"Shikamoo mama," sauti ya mwanamume ikasema.

Alikuwa Mwakalinga, Mtanzania, ndiye msimamizi wa vijana wa misheni kule. Chesang alikuwa akimsifu kwa upole wake. Ulikuwa upole kweli, na uliniongezea hofu.

"Marahaba. Mtoto wangu yuko wapi?"

"Mama, nilitaka kukuuliza hilohilo. Je, amewapigia tangu jana?"

Nikakaa chini.

"Hapana."

"Basi naomba utulie unisikilize. Jana jioni Chesang alikuja ofisini kwangu. Aliomba ruhusa ya kurudi nyumbani. Kusema kweli, mama, mimi mwenyewe nilikuwa nimeona amedhoofika, na nilikuwa tayari kumruhusu. Lakini ikabidi nimweleze kwamba baba yake mzazi ameshanipigia."

"Baba yake nani?"

"Mumeo, mama. Mzee Kipkemoi. Alinipigia jana alasiri. Akaniambia binti atakuja kuomba ruhusa, nami nisimpe hata akilia, kwamba hilo ni neno la mzazi na amelitoa mbele ya mchungaji wake."

Nilimtazama mume wangu. Uji ulikuwa ukimtiririka kidevuni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekamata shuka.

Kipkorir! Nilimfukuza nyumbani, akaenda kuendelea na kazi huko nje. Na namba alipewa na nani, kama si mtu wa tai?

"Bwana Mwakalinga," nikasema, na ulimi ulikuwa mzito kama wa mgonjwa wangu, "Chesang alisema nini ulipomwambia?"

"Hakulalamika. Aliniuliza swali moja tu, kama nina hakika sauti ilikuwa ya baba yake. Nikamwambia ndiyo, maana naifahamu sauti yake, aliwahi kuongea nami siku binti alipowasili. Akashukuru, akatoka. Leo asubuhi mama mwenye nyumba amekuta mlango wazi. Nguo zake zote zipo. Simu yake iko kitandani, imezimwa."

Nguo zote zipo. Nilirudia maneno hayo bila kutoa sauti.

"Tumezunguka sokoni, hospitali, stendi," akasema. "Sasa nipo na askari wa hapa. Wanasema ni mtu mzima, anaweza kuwa ameondoka kwa hiari yake. Wanataka kumhoji baba, kwa kuwa ndiye ndugu wa mwisho kuongea naye. Alimwambia nini hasa? Alikuwa katika hali gani? Nimejitolea kutafsiri. Nakuomba umpe simu mzee. Nawasha video waweze kumwona."

"Ngoja kwanza. Kuna jambo..."

"Mama, kila saa ina maana. Tafadhali."

Kioo kikawaka. Nikamwona Mwakalinga, mtu wa mvi kidogo, na nyuma yake askari wawili, mmoja ameshika kalamu.

Wakati huohuo mlango wa mbele ukasukumwa bila hodi.

"Shem! Nimesikia unanipaka matope kwa watu. Nimekuja tuongee kama ukoo."

Kipkorir. Na koti bado liko mwilini. Alivuka sebule, akafika mlango wa chumbani, akaona simu, akatega sikio, na uso wake ukachangamka.

"Huyo ni Mwakalinga? Lete niongee naye. Tunajuana."

Akanyoosha mkono.

Nitawaambia kitu ambacho kinanitia aibu mpaka sasa. Kwa muda mfupi nilifikiria kumpa. Yeye ndiye aliyeongea na Chesang. Yeye ana sauti. Angeweza kujibu maswali yote, askari wakaandika, wakaanza kutafuta, na mimi nikaendelea kuwa mama mmishonari wa kiti cha mbele. Mwenye sauti na mwenye mtoto walikuwa wawili, na muda haukuwepo.

Kipkemoi akauangalia ule mkono ulionyooshwa. Kisha akaniangalia mimi. Akaanza kujisukuma kwa kiwiko ainuke, mwenyewe, bila mtu, mshipa umemsimama shingoni.

Nilimpa Kipkorir mgongo. Nikamshika mume wangu kwapani, nikamkalisha, nikamwekea mto, na nikageuza simu imtazame.

Askari mwenye kalamu akasogea mbele. Mwakalinga akakunja uso, akautazama mdomo uliopinda, ule mkono uliolala juu ya shuka, uji uliobaki kidevuni.

"Mama, samahani," akasema taratibu. "Nimeomba kuongea na baba yake Chesang. Huyu mzee ni nani?"

"Shem," Kipkorir akanong'ona nyuma yangu, "zima hiyo simu. Utatumaliza sote."

Sikuzima. Niliishika kwa mikono yote miwili, nikaisogeza karibu na uso wa Kipkemoi, na mdomo ambao haukuwa umetoa neno tangu siku alipoanguka ukafunguka.